Somo la Vikundi: Kugawana Njia ya Mtandao ili Mkutano Umfikie Kila Mwanachama



Somo letu la safari hii linahusu jambo ambalo wengi wetu tulidhani ni la mafundi wa simu peke yao. Ni jambo la kugawana njia ya mtandao wa intaneti wakati watu wengi wanapotaka kusikiliza au kutazama matangazo yale yale kwa saa ile ile. Tumelichagua kwa sababu limetuuma sisi wenyewe.

Chama chetu kilipokuwa kikijadili mapendekezo ya mkataba mpya wa mishahara, tuliamua kurusha mkutano mkuu kwa mtandao, ili wenzetu wa kambi za mashambani ambao hawakuweza kusafiri nao wausikie. Mkutano ulianza vizuri. Baada ya kama dakika 20 picha ikaanza kuganda na sauti ikakatikakatika. Waliokuwa mjini waliendelea kuona. Walio katika kambi za mbali walibaki wakitazama duara linalozunguka kwenye kioo cha simu. Kura ikapigwa. Kesho yake tukapata ujumbe kutoka kambi moja: "Mmeupigia kura mshahara wetu bila sisi."

Hatukuwa na la kujibu. Hakuna adui aliyekata waya. Njia ilikuwapo, lakini hatukujua kuigawa. Basi na tujifunze, hatua kwa hatua, ili jambo hili lisirudiwe.

1. UPANA WA NJIA

Habari zote zinazopita kwenye mtandao, ziwe sauti, picha au maandishi, hukatwa kuwa alama ndogo sana ziitwazo biti. Upana wa njia ni idadi ya biti zinazoweza kupita katika sekunde moja. Biti 1,000 ni kilobiti 1, na kilobiti 1,000 ni megabiti 1.

Sauti ya mtu anayehutubia, ikibanwa kwa njia za kisasa kama ile iitwayo Opus iliyokubaliwa mwaka 2012, husikika vizuri kwa kilobiti 32 kwa sekunde. Picha inayotembea pamoja na sauti yake huhitaji nyingi zaidi. Katika somo hili tutachukua kilobiti 500 kwa picha ya kadiri.

Jambo la pili la kukumbuka ni kwamba njia ina pande mbili: upande wa kupokea na upande wa kupeleka. Kwa watu wengi upande wa kupokea ni mpana na wa kupeleka ni mwembamba. Njia nyingi za majumbani na za simu zimetengenezwa hivyo, kwa kudhani kwamba mteja atapokea mengi na kutoa machache. Ugumu wote wa somo hili unatoka hapo.

2. HESABU YA CHANZO KIMOJA

Tuseme chama kina mashine moja ya kurushia matangazo, yaani seva, na njia yake ya kupeleka ni megabiti 10. Kila anayetazama anavuta nakala yake mwenyewe. Megabiti 10 ni kilobiti 10,000. Gawanya kwa 500, unapata watu 20. Mtu wa 21 akiingia, hapana budi wote wapunjike au yeye abaki nje.

Sisi siku ile tulikuwa na watu wapatao 200. Walihitaji kilobiti 100,000, yaani megabiti 100. Tulikuwa na 10. Haishangazi kwamba picha iliganda.

Lakini ndugu, fanyeni hesabu hiyo hiyo kwa sauti peke yake. Watu 200 mara kilobiti 32 ni kilobiti 6,400, yaani megabiti 6.4. Megabiti 10 zetu zingetosha na kusaza! Lau tungerusha sauti tu, kambi zote zingesikia hoja kabla ya kura. Kabla ya kutafuta njia pana, mfanyakazi ajiulize kwanza anataka kupitisha mzigo gani. Tulitaka uso wa mwenyekiti uonekane, tukapoteza maneno yake.

3. WENZA KWA WENZA

Hata hivyo wanachama huongezeka. Kwa sauti, seva ile huwafikia watu 312 tu. Wakifika 1,500 haitoshi tena. Kununua njia kubwa ni ghali. Iko njia nyingine: kila anayepokea awapelekee na wengine. Mpango huu huitwa wenza kwa wenza, kwa kuwa kila mashine ni mwenza, inapokea na kutoa.

Kwa hesabu, jumla ya njia ya kupeleka ya chanzo pamoja na ya wenza wote, ukiigawa kwa idadi ya watazamaji, ndicho kiwango cha juu ambacho kila mmoja aweza kupata. Tena chanzo chenyewe lazima kiwe na nguvu ya kutoa angalau nakala moja kamili.

Turudi kwa watu wetu 200. Tuseme kila mmoja anaweza kupeleka kilobiti 450. Mara 200 ni kilobiti 90,000. Ongeza 10,000 za seva, jumla 100,000. Gawanya kwa 200: kila mmoja anapata kilobiti 500. Deni limekwisha!

Sasa tuseme nusu yao hawapeleki kitu. Wenza 100 mara 450 ni 45,000. Ongeza 10,000, jumla 55,000. Gawanya kwa 200: kila mmoja 275. Picha imepungua karibu nusu kwa wote, hata kwa wale waliotoa jasho lao.

4. WENGINE WALIFANYAJE?

Watu wa kwanza waliojaribu kurusha matangazo namna hii walipanga wenza kama mti. Chanzo kinawapelekea wawili, kila mmoja anawapelekea wawili, na kuendelea. Mti huo una kasoro mbili. Ya kwanza, katika mti wa namna hiyo zaidi ya nusu ya wenza ni majani ya mwisho, ambao hupokea na hawampelekei mtu. Nguvu yao inalala bure. Ya pili, tawi moja likikatika, wote walio chini yake hukosa.

Mwaka 2003 watafiti wa Cambridge, Uingereza, na Houston, Marekani, walitoa mpango uitwao SplitStream. Waliyagawa matangazo katika vijito kadhaa, kila kijito na mti wake. Mwenza akawa tawi katika mti mmoja na jani katika miti mingine. Hivyo kila mmoja ana zamu yake ya kufanya kazi, na akiondoka kinapotea kijito kimoja tu.

Mwaka 2004 watafiti wa Hong Kong walitoa mpango uitwao CoolStreaming, wakauacha mti kabisa. Matangazo yalikatwa vipande vya sekunde moja moja. Kila mwenza aliwaambia majirani zake ana vipande vipi katika 120 vya karibuni, na kila mmoja akaomba asivyo navyo. Ni kama wanawake wa kijiji wanaoulizana nani ana chumvi na nani ana moto, bila kumngoja mwenye duka. Mpango huo ulionyesha kwamba matangazo ya moja kwa moja yanaweza kuwafikia maelfu bila seva kubwa.

5. NANI APEWE KWANZA?

Hapa ndipo penye kazi ya ugawaji. Mwenza ana njia nyembamba ya kupeleka na majirani watano wanaomba. Ampe nani, na kipande kipi? Ziko kanuni tatu.

Kanuni ya kwanza ni ya wakati. Kipande kinachotakiwa kuchezwa sekunde 2 zijazo kitangulie kile cha sekunde 20 zijazo. Kipande kilichochelewa hakina faida tena, ni kama chai iliyochumwa ikaachwa juani. Kwa sababu hiyo kila mwenza huweka akiba ya sekunde kadhaa mbele, ili apate nafasi ya kutafuta kinachokosekana.

Kanuni ya pili ni ya uhaba. Kipande chenye wachache walio nacho kienezwe mapema, maana hao wachache wakiondoka kitapotea. Kanuni hii ilijulikana sana kwa mpango wa BitTorrent, uliotolewa mwaka 2001 na Bram Cohen wa Marekani. Lakini BitTorrent ulikusudiwa kugawa mafaili, ambapo hakuna haraka ya kufuata mpangilio. Katika matangazo, uhaba na wakati hupimwa pamoja.

Kanuni ya tatu ni ya uwezo. Apewe mapema yule anayeweza kuwapa wengi. Wengi huchukia kanuni hii wanapoisikia mara ya kwanza. Wanauliza: je, mwenye nacho aongezewe? Tutazame hesabu. Ofisi ya tawi yenye njia ya kupeleka ya megabiti 5 ikipokea kipande cha kilobiti 300, inaweza kutoa nakala 16 katika sekunde moja. Matawi 10 yatatoa 160. Simu isiyopeleka ikipewa kwanza, kipande kinaishia hapo. Mwenye nguvu hakupewa zaidi. Amepewa mapema ili abebe zaidi. Aliye nyuma anachelewa sekunde chache, lakini anapata. Tutofautishe kuchelewa na kunyimwa.

6. MDANDIAJI NA MNYONGE

Wafanyakazi tunamjua mdandiaji. Halipi ada, haji mkutanoni, lakini mkataba wa pamoja ukitiwa sahihi nyongeza ya mshahara anaichukua. Katika mitandao ya wenza naye yumo. Mwaka 2000 watafiti Eytan Adar na Bernardo Huberman waliuchunguza mtandao wa Gnutella wakaona kwamba karibu asilimia 70 ya watumiaji hawakutoa faili hata moja, na karibu nusu ya majibu yote yalitoka kwa asilimia 1 tu ya watoaji.

BitTorrent ulijaribu kumzuia mdandiaji kwa desturi ya nipe nikupe. Kwa kawaida mwenza huwapelekea wanne wanaompa zaidi, na kila baada ya sekunde 10 huhesabu upya. Tena huacha nafasi moja ya kumjaribu jirani mwingine kwa bahati nasibu, na nafasi hiyo hubadilishwa kila sekunde 30, ili mgeni asiye na kitu naye apate pa kuanzia.

Kwa mafaili desturi hii imefaa sana. Lakini kwa mkutano wa chama ina hatari, nasi tunaomba wasomaji waisome sehemu hii mara mbili. Nipe nikupe haiwezi kumtambua mvivu na mnyonge. Kwake, mtu mwenye njia pana aliyeifunga kwa uchoyo na mchuma chai mwenye simu ndogo penye mtandao hafifu ni sawasawa. Wote wawili hawatoi. Mwenye faili atangoja mpaka usiku lishuke polepole. Mwenye mkutano hawezi kungoja, kura inapigwa.

Isitoshe, mnyonge huyo hulipa kwa kipimo. Picha ya kilobiti 500 kwa saa moja hula megabaiti 225 za bando lake. Tukimlazimisha apeleke kilobiti 450, zinaondoka megabaiti nyingine 202 na nusu. Jumla ni karibu megabaiti 428 kwa mkutano wa saa moja. Kwa mshahara wa kibarua hayo ni malipo ya kusikiliza chama chake mwenyewe. Kwa sauti peke yake saa moja ni megabaiti 14.4 tu.

7. KILA MTU KWA UWEZO WAKE

Mwaka 2004 watafiti watatu, Yang-hua Chu, John Chuang na Hui Zhang, walitoa hoja kwamba katika matangazo ya wenza kwa wenza inafaa kutumia kodi badala ya nipe nikupe. Mwenye njia pana atoe zaidi ya anavyopokea, na ziada hiyo imfikie mwenye njia nyembamba. Walisema jambo hili linawezekana kwa sababu mwenye kurusha matangazo ndiye anayeweka masharti ya programu ya kutazamia, na anao uwezo wa kuyasimamia.

Kwetu sisi hili si geni. Ada ya chama ikikatwa kwa asilimia ya mshahara, fundi wa mitambo hulipa zaidi ya mpalilia shamba, na wote wanalindwa na mkataba mmoja.

Tuipime hoja hiyo. Tuseme matawi 10 yana njia za waya zisizolipiwa kwa kipimo, kila moja yaweza kupeleka megabiti 5. Wengine 190 ni wa simu, nao hatuwadai kitu. Megabiti 50 za matawi na 10 za seva ni 60. Gawanya kwa watu 200: kilobiti 300 kila mmoja. Linganisheni na zile 275 tulizopata pale ambapo watu 100 walibebeshwa mzigo. Hapa wamebeba 10 tu, na kila mtu amepata zaidi.

Lakini tusiijaze njia mpaka ukingoni. Mashine inayopokea lazima irudishe hakikisho kwamba mzigo umefika, na hakikisho hilo hupita upande wa kupeleka. Upande huo ukijaa, hata kupokea kunakwama. Tukiacha moja ya tano kwa usalama, megabiti 60 zinabaki 48. Hizo zatosha watu 200 kwa kilobiti 240, picha ndogo na sauti. Au zatosha watu 1,500 kwa sauti peke yake.

Kutokana na hayo tunapata sheria njema: sauti kwanza kwa wote, picha baadaye kwa kadiri njia inavyoruhusu. Njia ikibana, ipungue picha. Sauti isiguswe.

8. USALAMA WA MSIKILIZAJI

Kuna jambo ambalo mafundi huweza kulisahau na mfanyakazi haruhusiwi kulisahau. Katika mpango wa wenza kwa wenza, mashine zinazopelekeana huonana anwani zake za mtandao. Mtu wa upande wa mwajiri akijiunga kama msikilizaji, anaweza kukusanya anwani za wenzake, na kwa anwani hizo pengine akatambua kambi au ofisi iliyosikiliza. Programu ya PeerTube ya chama cha Kifaransa Framasoft, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2018 na tangu mwaka 2021 hurusha matangazo ya moja kwa moja, hutumia wenza kwa namna hii, na humruhusu mtazamaji kuuzima upande wa kupelekeana.

Mkutano wa hadhara hauna siri. Lakini kikao cha kujadili mgomo kisipelekwe kwa njia ambayo kila msikilizaji anaonekana. Hapo ni afadhali simu zivute kwa seva ya chama au kwa tawi lao peke yake, hata kama njia itatumika zaidi.

9. TUFANYE NINI?

Baada ya aibu ile tulikaa tukapanga hivi, nanyi mwaweza kupanga kwa hali ya kwenu:

(a) Sauti hurushwa daima kwa kilobiti 32. Picha ni ya ziada, na msikilizaji huichagua mwenyewe.

(b) Ofisi za matawi zenye njia ya waya ndizo wenza wa kupeleka. Simu za wanachama hupokea tu, isipokuwa mwenyewe akiridhia.

(c) Kila kambi huunganishwa na tawi lililo karibu nayo. Habari isisafiri nchi nzima kwenda na kurudi ikiwa jirani anayo.

(d) Siku moja kabla ya mkutano tunapima njia ya kila tawi kwa saa ile ile ya mkutano, maana njia ya asubuhi si njia ya jioni.

(e) Kila kambi ina mtu wa zamu wa kutuma ujumbe mfupi "tunasikia" au "hatusikii". Mwenyekiti haiti kura mpaka kambi zote zimejibu.

(f) Penye mtandao mbovu, simu moja hufungwa kwenye kipaza sauti na watu wakakusanyika. Wafanyakazi 60 wanaosikiliza kwa simu moja hutumia megabaiti 14.4 kwa saa badala ya 864.

Hilo la mwisho tusilidharau kwa sababu ni la kizamani. Mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya nchini Tanzania, watu wapatao milioni 2 walijifunza kwa vikundi vilivyokusanyika kuzunguka redio, kisha wakajadiliana. Hakuna ugawaji wa njia unaoshinda ule wa sauti moja kuingia masikio 60, na majadiliano yakaanza papo hapo.

Katika mkutano wetu uliofuata picha haikupendeza. Ilikuwa ndogo na mara nyingine ilizimika. Lakini kambi zote zilijibu "tunasikia" kabla ya kura. Kambi ile iliyotulalamikia ilipiga kura ya kukataa kifungu cha saa za ziada, ikatoa sababu zake, na kifungu kikarudishwa kwenye mazungumzo. Mara ya kwanza sababu hizo hatukuzisikia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Seva ya tawi lenu ina njia ya kupeleka ya megabiti 4. Ni watu wangapi wanaweza kusikiliza sauti ya kilobiti 32 bila msaada wa wenza? (Jibu: 125.) Tukiacha moja ya tano kwa usalama? (Jibu: 100.)

2. Katika kambi au kiwanda chenu, ni nani mwenye njia pana isiyolipiwa kwa kipimo? Je, amekubali kuwabebea wengine?

3. Tofauti ya mdandiaji na mnyonge ni nini? Toeni mfano mmoja wa kazini na mmoja wa mtandaoni.

4. Kwa nini kumpa kwanza mwenye uwezo wa kupeleka hakumnyimi asiye na uwezo? Ni wakati gani kanuni hiyo inaweza kugeuzwa kuwa upendeleo?

5. Ni mikutano gani ya chama isiyofaa kurushwa kwa wenza kwa wenza? Elezeni sababu.

Katibu wa kikundi aandike majibu na kuyasoma mbele ya kamati ya tawi.